Nyama ya Kwenye Rimu

Juzi mwenzangu wa chumba alikuwa anachoma nyama uani, akaigonga chupa ya sosi ya soya, ikamwagikia mkaa. Moshi ukaruka. Ule moshi una harufu yake, haufanani na wa nyama choma ya kawaida. Una chumvi, una sukari inayoungua, halafu kwa nyuma kabisa kuna kitu kama chuma cha moto. Mwenzangu alikuwa anacheka na kukohoa. Mimi nilisimama na sahani mkononi, moyo unanidunda kama mtoto aliyefanya kosa anasubiri kuitwa. Nina miaka ishirini na mbili na hakuna aliyekuwa ananiita.

Ngoja niwaambie, maana nikikaa nayo tena nitapasuka.

Nilikuwa na miaka kumi, tunakaa Tunduma, enzi hizo bado tunahesabiwa mkoa wa Mbeya. Barabarani kwetu kulikuwa na malori yamejipanga kusubiri kuvuka Zambia, na katikati yake magari madogo yaliyotumika, yametoka Japani, vioo vimebandikwa karatasi zenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Isipokuwa Mzee Shabani. Huyu alikuwa mtu wa Tanga, aliishi Japani miaka mingi akinunua magari, akarudi, akaishia Tunduma. Watu wote tulimwita Mjapani. Akafungua hoteli. Alitoboa meza katikati, kila tundu akaliwekea rimu ya gari, ndani ya rimu mkaa, juu yake wavu wa chuma. Mnaletewa nyama ya ng'ombe mbichi, imekatwa nyembamba kama karatasi ya daftari, imelala kwenye sosi ya soya, tangawizi na ufuta, mnajichomea wenyewe. Nje akaandika kwa rangi nyekundu: NYAMA YA KIJAPANI, KULA MPAKA UCHOKE. Chini yake, kwa herufi ndogo: saa moja na nusu tu.

Sisi watoto wa mtaa ule tulikuwa tunapita pale makusudi, tunavuta hewa, tunaenda zetu.

Sasa, babu mzaa baba alikuja kutoka Ileje kutibiwa macho. Akapewa miwani. Jamani, ile miwani! Alikaa kwenye baraza letu asubuhi mpaka jioni anasoma kwa sauti namba za malori ng'ambo ya barabara. "T mia sita kumi na mbili! Hilo linakwenda Zambia hilo!" Mpaka majirani wakawa wanamtania, wanamwambia aombe kazi forodhani.

Lakini ndani ya nyumba hali ilikuwa ngumu. Upande wa baba sisi ni Wandali. Kwetu mwanamke haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamsalimii, hampi kitu kwa mkono wake, hawezi kula mbele yake, hata jina lake halitamki. Akisikia anakuja, anapotea. Mama ni Mnyiha wa Itaka, kwao mambo hayakuwa makali kiasi hicho, ila alijifunza. Na tulipanga vyumba viwili na sebule, nyumba ya kupotelea iko wapi? Babu alikuwa anakohoa kwanza kabla ya kupita mlangoni. Mama akisikia kikohozi anatoka kwa mlango wa nyuma, hata kama mkono una unga wa ugali. Siku nzima kukohoa na kukimbia. Mimi nilidhani babu anaumwa kifua.

Siku ya nne mama alikuwa anatoka bafuni na beseni. Upepo ulikuwa mkali, hakusikia kikohozi. Wakakutana kwenye kona, uso kwa uso. Beseni likaanguka, maji yote yakaenda kwenye viatu vya babu. Babu akageukia ukuta haraka, mama akarudi bafuni akajifungia.

Angeona babu peke yake yangeisha. Aliyeona ni Shangazi Sekela, aliyemsindikiza babu kutoka Ileje.

Shangazi ndiye dada mkubwa wa baba, ndiye aliyemlea. Baba mbele ya shangazi alikuwa mtoto wa darasa la pili. Nilikuwa napiga deki sebuleni nikamsikia anaongea jikoni, wala hakupunguza sauti.

"Wifi, kwenye msiba wa mama ulimpa mzee maji kwa mkono wako. Tukanyamaza. Leo unamwogeshea viatu. Hiyo ya pili. Ya tatu, naapa, nakufungashia mwenyewe, unarudi kwenu Itaka ukakae na watu wasio na adabu wenzako."

"Wifi, sikusikia—"

"Masikio unayo ya kusikilizia nini?"

Baba alikuwepo. Hakusema kitu. Nilisubiri aseme. Niliendelea kupiga deki sehemu ileile mpaka sakafu ikang'aa.

Jumapili baba akaja na dawa yake ya kupoza mambo: twende wote kwa Mjapani, babu akale kabla hajarudi Ileje. Alikuwa ameshaongea na Mzee Shabani, meza mbili. Moja ya babu, baba na shangazi. Nyingine, pembeni kabisa nyuma ya pazia, ya mama na mimi. Kila mtu amehifadhiwa. Nilifurahi nikasahau deki, nikasahau Itaka. Asubuhi nilikataa chai ili tumbo libaki na nafasi. Kanisani sikusikia neno.

Tunafika, hoteli imejaa. Madereva wa Zambia walikuwa wamekaa foleni ya mpaka siku tatu, wameamua kumalizia njaa yao pale. Meza iliyobaki ni moja.

"Karibuni, karibuni!" Mzee Shabani anavuta viti. "Hamna shida, familia moja, moto mmoja! Bi mkubwa, wewe kaa hapa na mzee, muangalizie nyama!"

Alikuwa anamwambia mama. Mama alikuwa bado mlangoni, kanga imemfunika mpaka machoni. Alirudi nyuma kama amechomwa.

Baba akabaki anatabasamu lile tabasamu lake baya. Kumweleza mtu wa Tanga mambo ya Wandali, mbele ya Wazambia, aliona aibu.

"Wifi arudi nyumbani," shangazi akasema.

"Aende wapi, dada yangu? Nimeshaandika watu watano, na saa imeanza kuhesabu ile!" Mzee Shabani akaonyesha ukutani. Kulikuwa na saa kubwa kama ya shule.

Mwishowe ikawa hivi. Mama alichukua kistuli, akakaa hatua mbili nyuma yangu, ameipa mgongo meza nzima, amegeukia ukuta wenye kalenda. Kazi yangu ikawa kuchoma, kumpa babu, na kumpelekea mama.

Sasa nani alijua kuchoma karatasi? Baba alitandaza vipande kumi kwa mpigo, akageuka kuongea, vikawa mkaa. Shangazi alitoa chake bado kinavuja damu, akatafuna, akatafuna. "Huyu Mjapani anatulisha kandambili." Babu, ambaye meno yake yalikuwa machache na hayakutazamana, aliweka kipande mdomoni, akakizungusha, kisha taratibu akakitoa kwenye leso. Akajifanya anafuta ndevu. Niliona, na roho iliniuma.

Ndipo nikasikia sauti ndogo nyuma yangu, inaongea na kalenda.

"Atu. Sikiliza inavyolia. Ikianza inapiga kelele, iache. Ikinyamaza, geuza. Ikilia tena kidogo, toa."

Mama alikuwa anapika kwa masikio.

Nikafanya. Nyama ikalia, ikanyamaza, nikageuza. Ilitoka imejikunja pembeni, inang'aa, mafuta yanachezacheza juu yake. "Ile yenye mafuta katikati," sauti ikasema, "ikate na mkasi, vipande vidogo. Hiyo ni ya babu." Nikampa babu. Safari hii leso haikutoka mfukoni. Akatafuna polepole, akameza, akaweka mkono kwenye meza.

"Ndaga," akasema, asante ya kwetu. Akanitazama mimi. "Mjukuu, huyo mwalimu wako anajua."

Mgongo wa mama ulitulia pale pale kama umesikia kengele. Shangazi akaacha kutafuna, akaangalia mgongo, akamwangalia babu, akaniangalia mimi. Nikashusha macho kwenye wavu.

Na bado nilikula. Sitawadanganya. Nilikula kama nimetumwa na mtaa mzima. Ile nyama ilikuwa inayeyuka, sosi inaingia hadi kwenye kucha, ufuta unabaki kwenye meno. Mama anaelekeza, mimi nageuza, babu anakula, mimi nakula. Mpaka nilipoinua macho ukutani nikaona mkono mrefu umebakiza dakika kumi na tano. Na muda huohuo kijana analeta sahani mpya, imejaa.

Nikakumbuka. Mama sikuwa nimempelekea hata kipande kimoja.

Mimi sina subira, hata leo sina. Mtu mwingine angechoma vipande viwili akapeleka kimyakimya. Mimi nilipiga kelele, "Mama, geuka ule, muda unaisha!" nikamvuta kanga.

Kanga ikatoka kichwani ikabaki mkononi mwangu. Mama alishtuka, akageuka kuidaka. Na alipogeuka, uso wake mtupu ulikuwa mbele ya uso wa babu, katikati yao moto tu. Babu alikuwa amevaa miwani.

Mafuta yalidondoka kwenye mkaa, tsss, moshi ukapanda.

Shangazi akaweka koleo chini taratibu. "Ya tatu," akasema.

Baba alikuwa anaangalia sahani. Nilimwangalia aseme kitu. Nilimwomba kwa macho. Baba akasogeza kipande cha nyama kutoka upande huu wa sahani kwenda upande ule.

Babu alivua miwani. Akaifuta kwa ile leso, polepole mno, kioo kimoja, halafu kingine. Hakuivaa tena. Akaifunga akaiweka mfukoni.

"Moshi wa humu," akasema, "umenijaa macho tangu tumeingia. Sijaona mtu yeyote."

"Baba, si amekugeukia wazi—"

"Sekela. Nimesema sijaona mtu. Wewe umeona nini ambacho mimi sijaona?"

Shangazi akageuka kumtafuta baba kwa macho.

"Halafu nimeshiba. Nishike mkono unitoe nje, nisije nikajikwaa kwenye miguu ya watu."

Sahani mpya ilikuwa pale, nyekundu, haijaguswa. Shangazi naye alikuwa bado ana njaa, nilimwona alivyoitazama ile sahani. Lakini baba yake amenyoosha mkono, angefanyaje? Akainuka, akampitisha katikati ya viti vya Wazambia, babu anapapasa hewa kama kipofu wa kuzaliwa.

Mama alibaki amesimama. Mimi nalia. Ndipo baba, kwa mara ya kwanza siku ile, akafanya kitu: akavuta kiti cha babu, akakipangusa kwa kiganja, akasema, "Mama Atu, kaa." Akachukua koleo, akamchomea. Aliunguza, mama akala hivyohivyo. Alikula vipande vinne au vitano. Halafu akachukua koleo mwenyewe, akachoma kimoja kwa makini, akakikata kwa mkasi, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Kimbia. Usiseme kimetoka kwa nani."

Kutoka na nyama ilikuwa marufuku. Mzee Shabani alisimama mlangoni. Aliona ngumi yangu inatoa mvuke, akageuka kuangalia saa yake ukutani kama haijui.

Nje babu alikuwa kwenye benchi, amefumba macho. Nikamwekea mkononi. Hakuuliza. Mtu aliyeshiba alikula kile kipande chote, akalamba na vidole, shangazi amekaa kando yake anamwangalia. Tukarudi nyumbani. Neno Itaka halikutajwa tena, siku ile wala baadaye.

Jioni ile, kabla taa hazijawashwa, niliandika kwenye daftari langu la mambo ya kila siku. Ninalo mpaka leo, limeliwa pembeni na panya. Nimeandika: "Leo tumekula kwa Mjapani. Babu hapendi nyama ya Kijapani, kaiacha sahani nzima. Na miwani yake mpya ni mbovu."

Ndivyo nilivyoelewa. Kesho yake asubuhi babu alikuwa barazani anasoma namba za malori, sauti juu, na bado sikuunganisha. Niliona ajabu tu kwamba miwani imepona.

Hoteli ya Mzee Shabani haikufika hata mwaka. Madereva walikuwa wanakula kweli mpaka wachoke, na dereva wa lori hachoki mapema.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Ileje kumsalimia babu. Safari hii macho yalikuwa yamekwisha kweli. Tulikaa muda mrefu, tukaongea masomo, tukaongea mahindi. Halafu akameza mate.

"Atu. Ile nyama ya kwenye rimu."

"Ndiyo, babu."

"Mama yako alishiba siku ile?"

Miaka sita alikuwa nalo hilo swali na hakuwa na mtu wa kumuuliza, maana mwenye jibu hawezi kuongea naye. Na mimi miaka yote nilikuwa naona mama na babu kama watu wasiojuana, tena nikawa namwonea mama huruma. Kumbe kile kikohozi mlangoni kilikuwa salamu.

"Alishiba, babu," nikamwambia.

"Ehe." Akatikisa kichwa. "Basi vizuri."

Sasa hivi babu anakaa kwetu Tunduma. Nikirudi nyumbani, mama akichoma nyama anaikata kwa mkasi, vipande vidogo, ananipa nipeleke sebuleni, na kila mara ananiambia nisiseme imetoka kwa nani. Babu haulizi. Mimi nikishamkabidhi sahani huwa narudi jikoni, nakuta mama amesimama nyuma ya mlango na mwiko mkononi, ananikataza kwa kidole nisiongee. Anamsikiliza anavyotafuna.