Nilimwondoa Ndugu Yangu Bondeni kwa Ajili ya Mafuta

Msinitukane kabla ya kumaliza kusoma. Mkishamaliza, nitukaneni kwa zamu, maana kosa ni langu na hata shetani simsingizii.

Mimi ni mama wa mtaa wa Jericho, Nairobi. Nakaanga chips na samaki karibu na soko. Maisha yangu yote, mafuta niliyoyajua ni ya kupikia, yale ya mtungi wa njano. Kumbe roho ilikuwa inatamani ya aina nyingine!

Kwetu ni magharibi mwa Kenya. Baba alipofariki alituachia shamba, mimi na mdogo wangu Simiyu. Mimi nikapewa upande wa mlimani, mawe matupu. Simiyu akapewa bondeni, udongo mweusi, migomba, miwa, na kijito kinapita hapo. Mama yetu pia amezikwa huko bondeni. Sikuwahi kulalamika. Ningelalamikia nini, na mimi jembe sishiki, na ndizi Simiyu alikuwa ananiletea mpaka mlangoni?

Basi siku moja akanipigia simu akicheka. "Dada, kuna lori huku linatetemesha ardhi mpaka kuku wa Nekesa wamekataa kutaga!" Nekesa ni mkewe. Akaniambia ni kampuni inayotafuta mafuta, na wamechomeka vibendera vyekundu kutoka barabarani hadi katikati ya migomba yake.

"Na upande wangu?" nikauliza.

"Kwako hawajaweka hata kimoja."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, lakini niliumia kama mtu aliyeibiwa.

Mchana huo nikamweleza mteja wangu mmoja, Kevo, fundi wa magari. Akatafuna chips, akapanguza mdomo, akasema kama profesa, "Mathe, penye bendera ndipo penye mafuta. Bro yako ameomoka. Huyo sasa ni tajiri, hata salamu zako hatajibu."

Jamani, sikumuuliza Kevo amesomea wapi mambo ya mafuta. Gari lake mwenyewe ni mpaka lisukumwe ndipo liwake! Lakini nikamwamini, kwa sababu alisema kile ambacho tamaa yangu ilitaka kusikia.

Wiki hiyo hiyo nikaenda nyumbani, machozi nimeshayaandaa.

"Simiyu, mdogo wangu, Nairobi imenichosha," nikamwambia. "Nataka nirudi nilime kidogo, niwe karibu na kaburi la mama. Tubadilishane. Wewe chukua mlimani, mimi niachie bondeni."

Nekesa akaniangalia vidole. "Wewe dada, ulime? Na kucha hizo?"

Hapo ndipo nikaangua kilio. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza ni nani amekufa. Simiyu akaiangalia migomba yake muda mrefu. Kisha akasema, "Kama ni kwa sababu ya mama, sawa."

Wazee wa ukoo wakaitwa, wakakubali. Ndugu yangu akabomoa nyumba yake. Mabati wakayabeba kichwani, yeye na mkewe, wakapanda nayo mlimani. Nekesa akaanza kung'oa mawe kwa mikono ili apate pa kupanda maparachichi. Mimi nilikuwa nimesharudi Jericho.

Na nilirudi na madoido! Nikawa siendi soko la Burma kununua nyama ya kubeba, nakaa kabisa, nachomewa, naagiza nikiwa nimekunja nne. Watu wakaanza kuniita Mama Visima, yaani visima vya mafuta. Nikiitwa hivyo najifanya sijasikia ili niitwe tena. Wateja nikawaambia kwa upole waanze kuzoea chips za mtu mwingine. Rangi ya gari nilikuwa nimeshachagua.

Halafu nikafanya upumbavu ambao mpaka leo nikiukumbuka nashika kichwa. Nikamtuma kibarua akakate migomba yote, ang'oe na miwa, ili mashine zikija zipate nafasi. Migomba ya marehemu baba!

Chifu wa kule nyumbani akaitisha baraza. Nikavaa kitenge kipya na hereni kubwa, nikaketi mbele. Simiyu alikuwa amekaa kando yangu, kofia ameiweka magotini. Akasimama ofisa wa serikali, kijana mpole, akaeleza kwamba vile vibendera vilikuwa vya kuonyesha nyaya za kupimia zipite wapi. Vibendera tu, basi! Na kwamba mashine ya kuchimba haiwezi kuwekwa bondeni, itazama kwenye tope. Itawekwa mlimani, penye mawe. Mwenye mlima atalipwa kodi ya ardhi yake, na fidia ya nyumba na mimea yake.

Nikaruka kama niliyekanyaga kaa la moto. "Mlima ni wa kuwekea mashine tu! Mafuta yenyewe ni yangu, yako chini ya shamba langu!"

"Mama," ofisa akasema, "ukipanda viazi, viazi ni vyako. Lakini mafuta na madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Wakenya wote, serikali inayashika kwa niaba yao. Hata shamba liwe la nani. Mwenye shamba hulipwa kwa kilicho juu kikiharibiwa au kikitumiwa."

"Na kwangu juu kuna nini?"

Akakuna kichwa. "Nilipita huko asubuhi. Kwako kuna magugu, mama."

Baraza zima likacheka. Chifu alijifanya anakohoa. Na mimi, kwa hasira na aibu, mdomo ukanitoka kabla ya akili: "Basi turudishiane! Mimi nilibadilisha kwa sababu ya mafuta!"

Kicheko kikakatika. Simiyu akageuka, akaniangalia.

"Kumbe haikuwa kwa sababu ya mama?"

Nilitamani ardhi ile, ya Wakenya wote, inimeze.

Kampuni ilikuja, ikachimba mlimani, haikupata mafuta ya maana, ikaondoka. Lakini kodi na fidia Simiyu alilipwa, akajenga nyumba ya matofali. Kisima cha maji walichokuwa wakitumia wakamwachia. Siku hizi Nekesa anafungua mfereji akiwa jikoni.

Nilienda kuomba msamaha. Nikapiga magoti mbele yao. Simiyu akaniinua, akasema, "Inuka dada, usichafue kitenge cha mafuta." Tukacheka sote, hata Nekesa. Kwa kuwa walikuwa wamecheka, nikajitia ujasiri nikamwomba turudishiane mashamba.

Kicheko kikamtoka usoni. "Nekesa amebeba mawe ya mlima huu kwa mikono yake," akasema. "Siwezi kumwambia ahame tena."

Sasa kila likizo naenda bondeni kupanda migomba upya, na zile kucha zimekwisha zenyewe. Mjini, Mama Visima bado naitwa, ila wanaoniita ni wale wanaotaka niwaongezee chips.

Wenzangu, mkisikia mafuta au dhahabu karibu na kwenu, ulizeni kwanza sheria inasemaje, na muulize anayejua, si mteja wa chips. Na ukitaka kitu kwa ndugu yako, mwambie unakitakia nini. Akikataa, akatae. Akikubali kwa uongo wako, utalipia kwa namna ambayo hata mahakama ya Makadara haiwezi kukusaidia.

Mdogo wangu hana kinyongo, hilo nalijua. Juzi nilimpigia simu jioni, sina shida yoyote, nikamwambia tu, "Simiyu, nimekukumbuka."

Akauliza, kwa upole kabisa, "Dada, umesikia kuna nini huku?"