Mapambo Yanayokula Nguvu

Kabla ya kugusa kibodi, fundi hufuta vidole kwa upindo wa shati, kimoja kimoja, kama mtu anayekaribia kumega mkate wa wenyewe. Kila amri anayoandika huinong'ona kwanza. Siku moja mjane mwenye nyumba alisimama nyuma yake, macho kwenye seva, kompyuta aliyoiacha marehemu mumewe, inayotunza picha na nyaraka za familia. “Mama, hii iwake kwa maandishi tu. Mapambo ya kwenye kioo yanakula nguvu bure,” fundi alisema, akaizima na kuiwasha. Kioo kikaja cheusi tii, chenye mistari ya herufi nyeupe. Mama akapiga ukelele, mikono kichwani. “Mume wangu yuko wapi?” Fundi akakitazama kioo, akaelewa. Ule uso wa marehemu uliokuwa ukitabasamu kiooni nyuma ya vitufe, alioudhania pambo, ndio aliokuwa akiuamkia mama kila asubuhi kwa miaka mitatu. Alifuta vidole upya, vyote kumi, akainong'ona amri ya kuyarudisha mapambo. Mzee alipotokea tena, fundi akainamisha kichwa. “Shikamoo, mzee.” Mama akashtuka kusikia mdomo wake mwenyewe ukiitikia, “Marahaba.”