Sahani ya Gogo na Faji ya Idi

Harufu ya iliki ikinipata popote, hata ndani ya basi, mimi nakasirika kwanza halafu ndiyo nacheka. Watu wengine iliki inawakumbusha pilau na harusi. Mimi inanikumbusha chokoleti iliyoharibiwa. Inanikumbusha chumba chetu cha Jeppestown, hapa Johannesburg, dirisha linatazama gereji ya kunyoosha mabati ya magari, hita ya mafuta ya taa inanuka pembeni, na mama yangu kasimama juu ya sufuria yenye chokoleti yangu, chokoleti niliyomwambia asiiguse, kashika kopo la iliki na uso wa mtu ambaye hajafanya kitu chochote. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ilikuwa 2015, likizo ya baridi, Ramadhani inaelekea ukingoni, na mimi duniani nilikuwa nataka jambo moja tu: ile sahani iliyokuwa juu ya kabati letu irudi kwa mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Gogo MaKhumalo, Gogo kwa Kizulu ni bibi, naye alikuwa bibi wa mlango wa pili, mtu wa Natal, aliyekuwa anaishi na mjukuu wake Lindiwe. Lindiwe alikuwa rafiki yangu pekee. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nilikuwa mtoto wa kuchosha, naongea kuanzia getini mpaka darasani, na Lindiwe peke yake ndiye alikuwa na masikio ya kutosha. Sasa Krismasi iliyotangulia, Gogo aliletea kila mlango biskuti zake za tangawizi, zile anazooka mpaka zinajaa ndoo, na sisi zikatufikia juu ya sahani nyeupe yenye maua ya buluu. Tulikula mpaka makombo. Mama akaiosha sahani, akaikausha, akaiviringisha kwenye kitambaa, akaipandisha juu ya kabati. Ikakaa huko.

Ikakaa kwa sababu mama yangu ni mtu wa Tanga, na kwao mtu akikuletea sahani ina kitu, humrudishii haina kitu. Sawa, nzuri, mimi sina ugomvi na Tanga. Ila kila kitu alichofikiria kukiweka alikitia kasoro mwenyewe. Wali hapana, kakuletea biskuti unamrudishia wali kama vile ana njaa. Sukari hapana, hiyo unapeleka msibani. Maandazi akapika, yakatoka yamekunja uso, tukayala sisi. Visheti vikanywa mafuta yote ya kikaangio, tukavila sisi pia. Nilinenepa kwa ajili ya sahani ile. Halafu mwezi wa nne zikaja zile fujo za kuwafukuza wageni, tukawa hatutoki, baba anasukumia meza mlangoni, na sahani ikajificha pamoja na sisi. Mambo yalipotulia nikadhani sasa itarudi. Wapi! Mama akasema baada ya siku kama zile huwezi kumwendea mtu na kitu cha hovyo. Yaani kila ilipozidi kuchelewa, ndivyo cha kuweka juu yake kilivyotakiwa kiwe kikubwa zaidi. Kwa mahesabu ya mama, tungefika mwisho wa mwaka tunadaiwa ng'ombe.

Siku shule zinafungwa, Lindiwe akanisimamisha getini, hanitazami usoni.

"Gogo kasema nisicheze tena na wewe."

"Kwa nini?"

"Mmechukua sahani yetu. Ni ya seti, babu alimnunulia kabla hajafa. Kila akifungua kabati anaona pengo, anasonya."

"Hatujaichukua!"

"Iko wapi?"

"Juu ya kabati letu."

"Inafanya nini huko?"

Kweli kabisa, ilikuwa inafanya nini huko?

Nikaingia ndani mbio. Mama alikuwa kwenye cherehani, anashona magauni ya Idi ya watoto wa watu. Nikamwambia Gogo anadhani tumeiba. Akashika kifua. "Mimi? Miezi yote hii naitunza kama yai, niitwe mwizi?" Nikamwambia basi tuirudishe leo, sasa hivi, mimi mwenyewe naipeleka. Akanitazama kama nimevua nguo barabarani. "Tupu?" Nikasema ndiyo mama, tupu, watu wanarudisha vyombo vitupu kila siku na mbingu iko palepale. "Zuhura, unataka nionekane sina adabu?" Nikamwambia sasa hivi unaonekana mwizi, mama. Akafikiria kidogo, akaikanyaga cherehani, akasema, "Mwizi ni yeye anavyodhani tu. Hiyo adabu ningekuwa nimeikosa kweli."

Unabishanaje na mtu kama huyo? Ndipo nikaikumbuka faji. Mwalimu wetu alitufundisha wiki ile ya kufunga shule, maana wazungu na wenyeji wengi hapa wanapenda kuitengeneza sikukuu zikifika, na uzuri wake haipikwi. Unaweka chokoleti na siagi kwenye bakuli, bakuli unalikalisha juu ya maji ya moto mpaka viyeyuke, unamimina kopo la maziwa mazito, unavunjia biskuti, unakoroga, unamwaga kwenye trei yenye karatasi, unaiacha kwenye ubaridi ikaze, unakata vipande. Mtoto wa chekechea anaweza. Mama yangu hakuweza.

Hakuweza kwa sababu hakukubali. "Kitu hakijaona moto unampelekea mtu mzima?" Nikamweleza kuwa chokoleti imeshapikwa huko ilikotoka. "Kapika nani?" Nikasema kiwanda. "Basi hiyo zawadi ni ya kiwanda, siyo yangu." Hata hivyo akanunua vitu vyote, nikajua nimeshinda, nikaenda spaza, kile kiduka cha mtaani, kuchukua karatasi ya kufungia mkate. Kurudi, nimeondoka dakika chache tu, nakuta bakuli langu halina kitu na sufuria iko jikoni inatokota. Mama kashika mwiko, anasonga kama kashata, katia nazi, katia iliki, jasho linamtoka na baridi yote ile. Nikapiga kelele. Akasema nisimpigie kelele mtu aliyefunga. Na hapo ndipo palipoharibika kabisa, maana sote tulikuwa tumefunga, hakuna wa kuonja, mama akapika kwa macho. Kwa macho aliona kashata bado laini, akaongeza moto.

Jioni wakati wa kufuturu tukamtangulizia mjomba Hamisi, kaka yake mama, aliyekuwa mlinzi wa duka la matairi na hakuwahi kushindwa na chakula. Akauma. Kikalia kitu. Tukadhani ni ile faji, kumbe ni jino. Mjomba alitafuna kwa upande mmoja mpaka sikukuu ikaisha. Mama akaichukua ile trei, akaigonga na kisu, kisu kikapinda, akasema taratibu, "Imekaza vizuri." Mimi nikaenda kulia chooni, na choo chenyewe ni cha nyumba nzima, kwa hiyo nililia nikiwa nagongewa mlango.

Siku ya mwisho ya mfungo mama akarudi kutoka sokoni na vitu vyote upya, bila kuniambia neno, kaviweka tu mezani. Kuomba samahani kwa mama yangu ndiko huko. Nikavunja biskuti haraka haraka kabla mikono yake haijafika. Lakini nikamwona anasogea kwenye jiko, anageuza swichi, na palepale umeme ukakatika. Mgao! Mwaka ule umeme ulikuwa unakatwa mpaka watu wanarekebisha saa zao kwa giza. Kila siku tulikuwa tunautukana. Siku ile ningeubusu kama ungekuwa na shavu. Mafuta ya taa yaliyobaki yalikuwa ya hita, na baba alishasema atakayeyagusa kwa kupikia atalala nje. Kwa hiyo mama akakaa kitandani, mikono haina kazi, ananiangalia navyomimina maji ya moto kutoka chupa ya chai, nayeyusha chokoleti yangu taratibu, uso wake kama anaangalia mtoto anacheza na wembe.

"Inatia aibu hii," akasema. Nikamwaga kwenye trei, nikageuka kufungua dirisha, kwa sababu friji imekufa na nje kuna baridi ya bure. Kugeuka tu, harufu ya iliki hiyo! Nikarudi nikamkuta anasawazisha juu kwa kijiko.

"Mama!"

"Kidogo tu."

"Nilikuomba!"

"Sasa itajulikanaje kama imetoka kwetu?"

Sikuongea naye mpaka asubuhi, na kwa mimi kunyamaza namna ile ni kama mtu mwingine kufunga mwezi wa pili.

Asubuhi ya Idi trei ilikuwa dirishani na faji imekaza. Nikakata vipande, vikakatika vizuri. Mama akaishusha ile sahani ya maua ya buluu, akapanga mwenyewe, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaifunika kwa sahani yake ya kioo ya rangi ya asali, aliyopewa harusini kwao, ambayo sisi watoto tulikatazwa hata kuiosha. Tukavuka ukumbi. Yeye na baibui jipya, mimi na gauni alilonishonea kwa hesabu ya kwamba nitakua, naonekana kama hema linalotembea. Tukagonga.

Gogo akafungua. Hakuona baibui, hakuona hema. Aliona maua ya buluu yanachungulia pembeni. "Hawu," akasema, halafu kwa Kizulu akaniambia, "Muulize mama yako, ilikuwa wapi?"

Mama yangu Kizulu chake kilikuwa cha bei na rangi za vitambaa, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi. "Mwambie samahani, nilikuwa natafuta kitu cha kuweka," akasema mama. Nikatafsiri. Gogo akauliza, "Kutoka Krismasi mpaka mwezi wa saba?" Nikatafsiri na hilo, tena kwa furaha, maana lilikuwa swali langu pia. Mama akasema, "Mwambie kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kila nilichopika kilikuwa hakimstahili."

Gogo akaegemea mlango. Nilipotafsiri alichosema baadaye, sauti yangu ilipungua yenyewe. "Anasema hakudhani tumeiba, mama. Anasema alidhani baada ya yale ya mwezi wa nne tumemchukia na yeye. Kwamba hatutaki tena hata kugonga mlango wake."

Mama, mwenye jibu la kila kitu, mwenye kumshinda hata kiwanda, akapiga hatua moja mbele. Akafunua ile sahani yake, akaisogeza faji mbele, akasema kwa Kizulu chake cha sokoni, "Kula, mama." Gogo akachukua kipande. Akatafuna. Akafumba macho, mimi huku moyo unapiga kama nyundo za gereji.

"Kuna nini humu ndani?"

Nikashusha pumzi. "Iliki, Gogo. Nilimkataza."

"Mwambie siku nyingine aongeze."

Nikatafsiri. Sijui kwa nini nilitafsiri. Ningeweza kusema lolote, nani angejua? Mama alinitazama kutoka juu ya baibui lile jipya, na mtazamo ule umeendelea mpaka leo, hata kwenye simu nausikia.

Basi Gogo akamimina faji kwenye bakuli, akafuta sahani yake, akairudisha kabatini, pengo likazibika. Mama akanyoosha mkono kuchukua ile ya kioo. Gogo akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaiweka kabatini pia, akafunga. "Mwambie mama yako, hii itarudi nikipata kitu cha kuweka." Nikamtafsiria huku najiuma ulimi. Mama akarudisha mkono. Angesema nini? Sheria ni yake. Sahani ya harusi ilirudi Krismasi, na biskuti za tangawizi juu, na miezi yote ile mama alikuwa anapita ukumbini anatazama mlango wa Gogo kama mtu aliyeacha mtoto hospitali. Lakini mimi sikuwa na habari hiyo. Lindiwe alishatoka na kamba ya kuruka mkononi, akaangalia gauni langu, akasema, "Tunaweza kuingia wote wawili humo," na nikaanza kuongea, nikaongea mpaka jua likazama.

Siku hizi niko hapahapa Johannesburg. Shule niliiachia darasa la kumi, mimi na hesabu tuliachana kwa amani, sasa nina meza yangu ya vifuniko vya simu karibu na robot kubwa, zile taa za kuongoza magari. Wazazi wamerudi Tanga. Nyumba ya Jeppestown iliuzwa, tukatawanyika, Gogo akarudi Natal, Lindiwe yuko hukohuko, Durban, kazini. Jengo ninaloishi ni refu, majirani siwajui, na sikukuu ikifika mtu akikuletea kitu kimefungwa kwenye boksi la plastiki, unakula, unatupa. Hakuna anayedai, hakuna anayekasirika, hakuna anayesimamishwa getini. Ni rahisi sana. Ni kama ile faji ya mwalimu, haihitaji moto wala mtu.

Ila juu ya kabati langu kuna sahani moja nyeupe ya maua ya buluu. Sahani ziliendelea kwenda na kurudi miaka yote ile, na siku tunahama, zamu ilikuwa kwetu. Juzi Lindiwe kaniandikia kwamba Gogo anaona pengo, anasonya, kwa nini siipeleki tu kwenye basi la Durban, linaondoka kila asubuhi. Eish, yuko sahihi. Nikashika simu nimwandikie kwamba leo hii naituma, hakuna longolongo, mimi siyo mama yangu. Nikaangalia, vidole vimeshaandika vyenyewe.

"Tupu?"