Maombi ya Kipa

Filimbi ikilia popote, hata iwe ya askari wa trafiki, mimi huangalia kwanza uso wa mwanamume aliye karibu nami, nione kama umekunjamana. Ni mazoea niliyotoka nayo nyumbani kwetu Lurambi miaka ya tisini. Baba yangu alikuwa kipa wa timu ya kijiji, na filimbi moja ilimharibia Krismasi kabla hata mimi sijazaliwa.

Habari yenyewe sisi watoto tuliijua kama tulivyojua sala ya Baba Yetu. Ilikuwa fainali ya mashindano ya Desemba, na zawadi ilikuwa fahali mweusi aliyefungwa kwenye mkaratusi kando ya uwanja. Mistari ya uwanja ilichorwa kwa majivu. Mchezo ukielekea kwisha, kijana mmoja wa timu iliyotoka Malava akapiga kichwa, Baba akaruka, akaukumbatia mpira na kuangukia tumbo juu ya yale majivu. Refa akapuliza filimbi na kunyoosha mkono kuelekea katikati. Goli. Baba alisema mpira haukuvuka mstari, Refa akasema umevuka, na fahali akaondoka kwa ngoma za isukuti kufuata barabara ya Malava. Kila Baba alipofika hapo katika simulizi yake aliapa kwamba hata yule ng'ombe aligeuka akamtazama kwa huruma.

Bahati mbaya, Refa alikuwa jirani yetu, na tulisali naye kigango kimoja. Watu wote walimwita Refa, hata mkewe. Alikuwa mzee mfupi mwenye kaptura iliyopigwa pasi, aliyewapulizia wajukuu filimbi wakipanda mahindi nje ya mstari. Padri akirefusha mahubiri, Refa aliinua mkono na kutazama saa yake bila kujificha. Mimi nilimpenda sana, ila sikuthubutu kusema hivyo nyumbani. Mjukuu wake Imelda alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Baba na Refa hawakusemezana. Ulipofika wakati wa kutakiana amani kanisani, Baba aligeuka upande wa pili akamsalimu mtu yule yule mara mbili, na yule mtu alikwishazoea, akawa anatoa mkono tena bila kuuliza.

Kisha Refa akafariki, usingizini, mwezi wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa alikuwa Baba. Kwa desturi yetu, kabla Padri hajaanza misa ya mazishi, mwenyekiti husimama mbele ya jeneza, akawaeleza watu jinsi marehemu alivyoishi na wenzake, halafu akamwombea kwa niaba ya jumuiya nzima.

Mimi na Imelda tulikuwa katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na tulijiona tunajua mengi. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba maombi ya walio hai huwasaidia walio toharani. Sisi tukaongeza yetu kidogo. Tukiwa kisimani, tukingoja mitungi ijae, tuliamua kwamba roho haitoki toharani mpaka kila mtu iliyemkosea aiachilie. Imelda akawapitia watu wa kijiji mmoja mmoja kichwani.

"Wengine wote hawana maneno na yeye," akasema. "Amebaki tu baba yako." Macho yake yakajaa machozi. "Sasa akikataa, kuka atakaa huko tu?"

Kuka ndivyo alivyomwita babu yake. Nilichoweza ni kurudi nyumbani na kuanza kazi ya kumlainisha Baba. Nilimtilia sukari kwenye chai hadi akauliza kama nimeolewa kwenye kiwanda cha sukari. Nilimpigia viatu rangi, hata vile vya shambani. Tulipokaa kula nilisalisha Baba Yetu, na nilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea niliyavuta maneno polepole, nikamkazia macho.

"Huyu mtoto," Baba akamwambia Mama, "mbona anaombanga akiniangalia mimi?"

Siku iliyofuata mjane mwenyewe, nyanya yake Imelda tuliyemwita Kukhu Perpetua, alikuja jikoni kwetu. Alikaa, akapokea chai, akainywa yote kabla ya kusema neno.

"Mwenyekiti, kesho wewe ndio utaombea mzee."

Baba alikoroga chai yake muda mrefu. "Mama, mimi kudanganya watu mbele ya maiti siwezi."

"Nani amekutuma udanganye? Wewe ombea yeye." Akainuka, akaenda zake.

Siku ya mazishi boma lao lilijaa hadi kwenye shamba la migomba. Moshi wa kuni ulichanganyika na harufu ya nyama, wanawake wakisonga obusuma, ugali wetu, kwenye sufuria kubwa kwa miiko mirefu, na isukuti ilikuwa imelia tangu asubuhi. Wachezaji wa zamani walikuwa wamekaa safu moja nyuma kabisa, wamekunja mikono, kama watu waliokuja kutazama mechi ya marudiano. Msema chochote aliyeongoza shughuli akataja jina Kosmas, na sisi watoto tukatazamana, maana hatukujua Refa alikuwa na jina. Halafu akamwita Mwenyekiti. Imelda alinishika mkono akaufinya. Niliogopa vibaya sana.

Baba alisimama na koti lake la mazishi.

"Mimi sikukuja hapa kudanganya," akaanza. "Mzee Kosmas alikuwa jirani mzuri. Jumuiya alikujanga hata mvua ikinyesha, na watoto wangu wamekula hapa kwake. Lakini ule mpira haukuvuka laini. Mimi ndio niliushika."

Kule nyuma wakaguna kwa kuridhika. Imelda aliufinya mkono wangu hadi ukauma.

"Sasa mzee ameenda mbele ya Mungu," Baba akaendelea. "Na mimi nimefikiria. Mungu akiwa mkali na mambo ya laini, nani hapa ataingia? Mimi siwezi. Mnanijua." Akavua kofia, akafumba macho. "Ee Bwana, mtumishi wako Kosmas akifika hapo kwako, mchezeshe vile yeye alichezesha wale wa Malava. Mahali mpira umekaribia tu, hata kama haujavuka, mpatie goli."

Kukhu Perpetua akacheka, akajipiga mapaja, akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Padri akavua miwani akaifuta. Ile safu ya nyuma ikapasuka kwa kicheko, na wapiga isukuti hawakungoja ruhusa ya mtu. Nilifurahi mpaka nikalia.

"Ametoka?" Imelda akaninong'oneza sikioni.

"Ametoka," nikamjibu, kama mtu aliyeona kwa macho.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile, moyoni mwake, Baba alikubali kuwa lilikuwa goli halali, ila aibu ilimzuia kusema. Nilidhani huwezi kumtakia mtu mbingu kabla hujakubali kwamba hakukosea. Novemba iliyopita nilikuwa nimeketi naye barazani akiwaombea marehemu wetu kwa majina, mama yake, baba yake, kaka yake, kisha, kwa sauti ile ile, Kosmas. Nikamuuliza ni lini hasa alikubali kwamba mpira ulivuka.

Baba alinitazama kama mtu aliyemsomesha mtoto bure. "Haukuvuka," akasema. "Kama ungekuwa umevuka, ningekuwa namwombea ya nini?"