Eti sinema za wanawake hazina watu

Leo nimeambiwa sinema za wanawake hazina watu. Aliyeniambia ndiye aliyewafukuza watu wenyewe mlangoni.

Kaka yangu Abdi ana ukumbi wa video hapa Garissa. Nimemsihi wiki nzima aonyeshe ile ya mwanamke anayepigana. Mwishowe akakubali.

Halafu akabandika nje picha gani? Ya jamaa kifua wazi, ameshika bunduki. Mwanamke mwenyewe hayupo hata ukucha.

Wanaume wakajaa. Yule jamaa akauawa kabla chai yao haijapoa.

Kelele! "Wee Abdi, steringi anakufaje mwanzoni?"

Wakatoka wote, wakitukana.

Na wanawake? Walikuja, wallahi. Habaryar, mdogo wake mama, alikuja na majirani na chupa zao za chai. Abdi akawazuia. Eti pazia la kutenga upande wa wanawake halijafungwa.

Pazia liko nyumbani. Amefunikia pikipiki yake.

Basi mwanamke wa watu kwenye skrini anapiga maadui mbele ya viti vitupu, na Abdi ananigeukia: "Umeona, walaal, ndugu yangu? Sinema za wanawake hazina watu."

Nilifungua mlango.

Habaryar na wenzake walikuwa bado wamekaa nje kwenye mkeka, wanasikiliza ngumi kupitia mabati.

Nikawaambia, "Wanaume wameondoka, ingieni."

Abdi akazima jenereta. Eti hawezi kuchoma mafuta kwa ukumbi mtupu.

Haya, semeni nyinyi. Mimi nimeshindwa.