Koki Iliyovunja Madonge

Wenzake walimwita Mama Spana, na hakuwa na mtoto hata mmoja. Spana ndizo alizozilea. Kwa miaka ishirini na miwili alifunga mabomba ya watu, mpaka dada yake, mfagizi wa zahanati iliyo kando ya mto, alipomwambia, "Mdogo wangu, wagonjwa wetu wanakunywa tope. Njoo utazame."

Alikuja na mpira wa maji wa mita sitini, akauzungusha kwenye pipa kuukuu. Maji ya mto yalitiwa shabu ya kukusanya tope, yakapita humo yakipindapinda, na chembe za tope zikagongana na kushikana kuwa madonge. Madonge yalizama kwenye tangi. Maji ya juu ndiyo yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu. Mwisho wa mpira, kabla ya tangi, alifunga koki ya kupunguza kasi. Kiangazi chote maji yalitoka safi, na dada mtu akatembea kifua mbele.

Mvua zilipoanza, tangi likajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mama Spana akaongeza shabu. Wapi. Akatoa hewa iliyokwama kwenye mizunguko, akapunguza shabu, akaongeza tena. Dawa ya vijidudu ikashindwa na tope, na wagonjwa wa kuhara wakazidi. Siku ya nne dada yake naye akaanguka, ndoo mkononi. Siku ya sita wakamzika.

Kesho yake Mama Spana alirudi zahanati bila kumuaga mtu. Akauchomoa mpira kwenye koki, akakinga maji kwa chupa: madonge makubwa kama punje za mchele, yakishuka taratibu. Akaurudisha, akakinga upande wa pili wa koki: chembe laini kama vumbi, zisizotua. Tundu la koki iliyofungwa nusu lilikuwa likisaga kila kilichoundwa na zile mita sitini. Kiangazi tope lilikuwa kidogo, kosa likajificha.

Akaihamishia koki mwanzoni mwa mpira, kabla ya shabu, na mwishoni akaacha mdomo wazi. Jioni sakafu ya tangi ilionekana.

"Hakuna anayejua dada yako alikunywa wapi," muuguzi alimwambia. "Usijibebeshe."

Hata hivyo alikwenda kwa shemeji yake, akamkuta anakunja sare za kazi za marehemu.

"Shemeji, koki ndiyo iliyoharibu maji. Niliifunga mimi."

Mwanamume akaendelea kukunja. "Dada yako alijua?"

"Hakujua."

"Alikuwa anawaambia wagonjwa wanywe bila wasiwasi, mdogo wake ndiye fundi." Hakupandisha sauti. "Naye akanywa mbele yao. Haya, nenda."

Akaenda. Mpaka leo, kila asubuhi, anakinga maji ya tangi na kuinua chupa kwenye mwanga. Shemeji yake akipita pale getini na watoto wake, hugeuzia uso upande wa pili. Watoto humwamkia wakiwa peke yao tu.