Aliyejifunika Gunia

Nyumba iliungua Mabatini mchana kweupe. Mtungi wa gesi ulilipuka kwenye chumba cha mbele, na wajukuu wawili wa mwenye nyumba wakabaki chumba cha nyuma, mlango umegoma. Mtu mmoja alijifunika gunia lililolowa, akavunja mlango kwa bega, akawatoa wote wawili, kisha akapotelea katikati ya moshi na mayowe.

Wakati huo nilikuwa nikiandikia mtandao mmoja wa habari hapa Mwanza, ukurasa wa Kiingereza. Kesho yake nikaenda kwa bibi wa watoto.

"Shikamoo bibi. Pole sana."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Aliyewatoa alikuwa mwanaume au mwanamke?"

"Sijui. Gunia lilimfunika kichwa hadi kiunoni. Ningeangalia hayo saa ngapi, na watoto wanaungua?"

Kiswahili hakikunipa taabu: aliingia, akawatoa, akaondoka. Kwa Kiingereza nikatumia "they", neno la watu wengi ambalo wenyewe hulitumia pia kwa mtu mmoja asiyejulikana ni wa kike au wa kiume. Mhariri akaniita.

"Dada, waliingia watu wangapi?"

"Mmoja."

"Mbona umeandika wengi? Weka 'he', mwanaume."

"Hatujui kama ni mwanaume."

"Mlango ule avunje mwanamke gani?"

Akabadilisha mwenyewe huku nimesimama, akaagiza na ukurasa wa Kiswahili ufuate. Jioni simu zote za mtaani zilikuwa na habari ya "mwanaume shujaa". Lugha yetu haikuwa imemuuliza mtu yule kama ni wa kike au wa kiume. Sisi ndio tuliomjibia.

Siku chache baadaye bibi akanipigia. Mwanamke wa Kisesa anayekuja kuuza mchicha Mabatini, mikono yote imefungwa bandeji, alikuja kuwajulia hali watoto, majirani wakamfukuza.

"Shujaa ni mwanaume, tumesoma," walimwambia. "Wewe umeungua na mafuta ya maandazi, unatafuta sifa."

Alipogeuka kuondoka, akamuuliza bibi kuhusu kuku. Mtoto mdogo alikuwa amejificha chini ya kitanda, amekumbatia kuku, na hakukubali kutoka bila yeye. Jambo hilo lilijulikana kwa watoto na bibi yao tu. Bibi akamshika, akalia begani kwake mbele ya wale wale waliomfukuza.

Nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Mhariri akasikiliza, akajikuna shingo.

"Kosa dogo hilo. Tutarekebisha."

"Dogo? Mtu ameungua mikono, halafu ametukanwa kwa maneno yako!"

"Punguza sauti."

Sikupunguza. Nilisema mpaka walinzi wakachungulia. Wakaweka marekebisho ya mistari miwili chini kabisa: "Imebainika kuwa shujaa ni mwanamke." Imebainika! Bila pole, bila kusema nani alimfanya mwanaume. Mwisho wa mwezi nikaacha kazi.

Nilipopita tena Mabatini, yule mama alikuwa amerudi mahali pake pa kuuzia, anafunga mafungu ya mchicha kwa vidole visivyokunjuka vizuri. Vijana wa bodaboda wakapiga kelele, "Mambo, kaka shujaa!" Yeye aliinamisha kichwa, akaendelea kufunga. Mimi niliwageukia, nikawajibu kwa maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia kinywani mwangu.